Mwalimu wa Bado

Niseme wazi tangu mwanzo: huyu mtu alikuwa akiniudhi. Miaka yote tuliyofundisha pamoja kwenye sekondari moja pale Bukoba, yeye fizikia na mimi Kiswahili, sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila sisi kukwaruzana. Lakini ukiniuliza ni nani nimemwogopea zaidi maishani, ukimtoa mdogo wangu Zuhura, nitakutajia yeye. Mimi nilimwita Mwalimu. Yeye aliniita Bi Sarufi, hata mbele ya mkuu wa shule. Wanafunzi walimwita Bado.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya kikombe. Alikuwa na kikombe cha bati, cheupe, chenye mstari wa buluu ukingoni, na kila kidato kipya kilipofika somo la kompyuta aliingia nacho darasani pamoja na punje moja ya kahawa. Sisi huku tumekulia kwenye kahawa, kila mtoto anajua punje ina mgongo na ina tumbo: mgongo umeviringika, tumbo ni bapa. Anaitikisa ndani ya kikombe, anakifudikiza mezani, pap! Anauliza, "Mgongo au tumbo?" Darasa zima linapiga kelele. Wengine wanasimama wachungulie.

"Kaeni chini! Msitazame bado!"

Hapo anawaeleza. Punje hii, anasema, mimi siijui na nyinyi hamuijui, lakini yenyewe imeshalala, ama mgongo ama tumbo. Hiyo ndiyo biti ya simu zenu: sifuri au moja. Sasa wakubwa wanatengeneza kompyuta za kwanta, na humo hakuna biti, kuna kiubiti. Kiubiti chini ya kikombe hakijalala. "Sikilizeni vizuri, hapa ndipo wengi wanapoanguka. Si kwamba hatujui. Chenyewe hakijawa. Kina mgongo na kina tumbo kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa kiasi chake. Ukikipima tu, kinalala upande mmoja, na ile hali ya kwanza huirudishi tena hata ulie."

Kila mwaka mwanafunzi mmoja lazima aulize, "Kwa hiyo Mwalimu, kabla ya kupima kinakuwa nini?"

"Kinakuwa bado," anajibu, anafunika macho yake kwa kiganja, na darasa linacheka.

Mimi nilimwambia ofisini kwamba hiyo si sentensi. Bado nini? Bado kufanya nini? Akaniambia, "Bi Sarufi, mtu akikuuliza umekula ukajibu bado, humwelewi? Kiswahili chako kina neno ambalo Wazungu wanalitafuta kwa hesabu kurasa nzima, na wewe unalikatalia." Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Majivuno? Alikuwa nayo ya kutosha mkoa mzima. Watani wetu wanatuita Wahaya nshomile, watu wa kujigamba kwamba wamesoma, na yeye alilivaa neno hilo pamoja na koti lake la sufu, jua liwake lisiwake. Akizungumza na mgeni Kiingereza kilikuwa kinaanza kabla ya salamu kuisha. Siku moja alimsahihisha fundi redio aliyekuwa juu ya paa, akiwa yeye chini, mpaka yule akashuka na kumpa bisibisi.

Hata kikombe kile watu walikihesabia majivuno. Hakunywa kwenye kikombe kingine. Akienda msibani alikichukua mfukoni mwa koti, akakitoa, akakinga uji wake, akakiosha mwenyewe na kukirudisha mfukoni. "Nshomile, hawezi kunywa na sisi," kina mama wakasema, na mimi nikasema nao. Siku moja mwalimu wa hesabu, mtu wa masihara, alikikuta mezani ofisini kina chai, akapiga funda moja. Mwalimu alimrukia mkono. Chai ikamwagika kwenye madaftari ya watu, kikombe kikaviringika mpaka mlangoni. Tulidhani atampiga. Badala yake alikwenda kukiokota kikombe na kukiosha. Muhula mzima baada ya hapo kila asubuhi alikuwa anamuuliza, "Hujambo? Hukohoi?" Tulicheka mpaka tukachoka, astaghfirullahi.

Alipima kila kitu. Nyumbani kwake Buhembe alikuwa na kopo la kupimia mvua juu ya nguzo, kipimajoto ukutani, mizani ya jikoni. Alipima unene wa mkungu wa ndizi kwa utepe wa fundi cherehani kabla ya kuukata. Ukimkuta amekaa kimya, ujue anapima muda wa kitu fulani. Lakini nilichelewa kugundua jambo moja, nalo nililigundua baada ya lile tetemeko la ardhi. Ukuta wa maabara ulipata ufa. Mwalimu akabandika kipande cha karatasi juu ya ufa, ncha huku na ncha kule, akatueleza kwamba karatasi ikichanika, ufa unapanuka na watoto watolewe. Vizuri sana. Siku ya kwenda kuangalia, alinituma mimi.

"Wewe huna macho?" nikamuuliza.

"Nenda tu, Bi Sarufi. Ukirudi usiniambie mara moja. Nipe nikae kwanza."

Karatasi ilikuwa nzima. Nilipomwambia, alifuta jasho usoni kwa tai yake. Na matokeo ya mitihani ya taifa vivyo hivyo, watu wote wanagombania kompyuta ya ofisi, yeye yuko nje anazunguka mti wa mkaratusi mpaka mtu amfuate. Mtu wa vipimo anayeogopa kuona kipimo! Nilimtania sana kwa hilo.

Mke wake sikumkuta. Nilijua tu ya kusikia, kwamba alikufa kijana, miaka ile ugonjwa ulipotuingilia Kagera na watu hawakuwa na jina lake, wakauita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka nyumba zilizofungwa milango, na migomba inayoota mpaka uani kwa sababu hakuna wa kuipalilia. Kwa hiyo hapa kwetu ukisema kupima, hakuna anayefikiria rula. Kupima ni kupima kule, kwa damu. Kila mtu mwenye umri wangu anajua.

Nalo ndilo nililomwambia alipostaafu na redio moja ya mjini ikamwita kwenye kipindi cha sayansi. Mwanafunzi wake wa zamani aliyeko ng'ambo alikuwa akimtumia makala za hizo kompyuta, naye akataka kuzieleza kwa Kiswahili safi. Tulikaa barazani kwake tukitafuta maneno. Kwa kile kitendo cha kukiangalia kiubiti kimelala upande gani, mimi nilimpa "kusoma". Akakataa. Ni kupima, akasema, fizikia ni sayansi ya kupima.

"Mwalimu, utaeleweka vibaya. Hapa ni Bukoba."

"Mimi nafundisha fizikia, si zahanati."

Basi akaenda. Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha, maana msikilizaji mmoja alipiga simu akauliza hiyo Kibiti anayoizungumzia si ile wilaya ya Mkoa wa Pwani, na nauli yake siku hizi ni kiasi gani. Mwalimu akapandwa na mori. Na yeye akipandwa na mori anakuwa msemaji hasa. Akasema kwa sauti yake ile ya darasani: "Kabla hujapima, yote mawili yapo! Kupima ndiko kunakoamua! Ukishapima umeshajifunga, hurudi ulikotoka!" Ile habari ya si kwamba hatujui, chenyewe hakijawa, muda haukumtosha kuisema. Wakaweka muziki.

Wiki hiyo vijana wa bodaboda walikuwa wakitaniana nayo stendi. Nilicheka. Sikujua imefika wapi.

Zuhura alikuwa Kemondo, kando ya ziwa. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa kwenda na kurudi visiwani, na alikuwa amekufa miezi michache nyuma kwa kile walichokiita kifua. Kifua kilichomkausha mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Alimwachia mdogo wangu mimba changa na nyavu za kuanikia. Mimi nilikuwa najua ninachokiogopa, na yeye alikuwa anajua, na hatukukitamka. Nilikwenda kumwona, nikamkuta anageuza dagaa juani. Tumbo lilikuwa limeshajitokeza, mashavu yameingia ndani.

"Kliniki umeanza?"

"Bado."

"Bado nini, na tumbo hilo?"

Akaendelea kugeuza dagaa. "Dada, mimi niko bado. Hata yule Mzee wenu kasema redioni. Mtu hajapimwa, yote mawili yapo. Wakinitoboa kidole ndipo inaamuliwa, na ikishaamuliwa hairudi. Sasa hivi nina nusu. Niache na nusu yangu."

Nilimsihi, nikamkaripia, nikamtajia mtoto, nikamtajia dawa zinazotolewa bure siku hizi na watu wanaozeeka nazo. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshika neno la mtu aliyesoma, na mimi dada yake nilikuwa dada tu. Nilimwangalia vile alivyosimama na ungo wake, nikaona nitawazika wawili. Niliogopa kiasi kwamba nilisahau kumuaga.

Nilishuka Buhembe moja kwa moja. Mwalimu alikuwa uani anatazama kopo lake la mvua. Sikumpa hata shikamoo.

"Neno lako linamuua mdogo wangu!"

Nilimweleza yote kwa kelele, majirani wakatoka. Mwanzoni alijitetea kama kawaida yake. "Sikusema mtu. Nilisema kiubiti."

"Ulisema kupima! Nilikukataza!"

Akaketi kwenye ngazi ya mlango. Akaniuliza mume alikufa na nini, nikamwambia. Akauliza mimba ni kubwa kiasi gani, nikamwambia. Nikamwambia kesho twende Kemondo, ukamwambie mwenyewe kwa mdomo ule ule.

"Siwezi."

"Hutaki?"

"Siwezi, Bi Sarufi. Nitamwambia nini mimi? Mimi mwenyewe niko bado."

Kwanza sikuelewa. Kisha nikakiona kikombe, kimefudikizwa juu ya jiwe peke yake, mbali na vyombo vingine. Nikakumbuka mwalimu wa hesabu na ile hujambo, hukohoi. Tangu amzike mke wake hakuwa amekwenda kupima. Ujana wote, uzee wote, amekaa na ile hofu ndani ya koti. Nilikuwa nimekuja na matusi mengine ya akiba, yote yakanipotea.

"Unajua wewe kwamba kikombe hakiambukizi," nikamwambia.

"Najua. Nimefundisha hivyo. Kujua ni jambo jingine."

Niliondoka bila kuagana vizuri. Asubuhi nilipofika stendi nilimkuta ametangulia, amevaa koti.

Kemondo alikaribishwa kigoda, akakataa, akachuchumaa kwenye mchanga karibu na dagaa, mtu mzima na koti lake. Zuhura alimwamkia, akaitikia marahaba, na sauti ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, nilikosea redioni. Sikumaliza somo. Unajua kiubiti kinakaa wapi? Kinakaa kwenye baridi ambayo mbele yake kilele cha Kilimanjaro ni jiko. Kimefungiwa. Mwanga ukikigusa, kimekwisha. Joto la kiganja likikigusa, kimekwisha. Hata mtikisiko wa gari linalopita unakiharibu. Kila kinachokigusa kinakipima, hata kama hakuna mtu anayetazama. Ndiyo maana matajiri wa dunia nzima wanahangaika kukiweka kiwe bado kwa kufumba na kufumbua tu, na wanashindwa. Wewe uko juani. Unanuka dagaa. Una damu ya moto, na mtoto anakupiga mateke humo ndani. Wewe huwezi kuwa bado, mwanangu. Wewe ni punje ya kahawa. Ulishalala siku nyingi, ama mgongo ama tumbo, na damu yako inajua. Hakuna nusu. Aliyebaki hajui ni wewe peke yako. Na dawa haiwezi kumlinda mtoto mpaka na wewe ujue."

Zuhura aliendelea kugeuza dagaa. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitenge changu kwa meno.

Kisha akamuuliza, "Na wewe, Mzee, umepima?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Tangu mke wangu."

"Wewe ni punje ya nini?"

Nilidhani ataudhika. Alitazama chini. "Ya kahawa," akasema.

"Basi tangulia wewe. Mimi nitakufuata."

Ndivyo tulivyokwenda kituo cha afya, watu watatu kwa miguu. Kwenye benchi Mwalimu alikuwa anatingisha goti mpaka benchi zima linatikisika, na mama aliyekaa pembeni akahama na mtoto wake. Muuguzi alipoita, alisimama, akaketi tena, akasimama. Alinitazama mimi kama siku ile ya ufa wa maabara, na nikajua anataka kunituma. Safari hii sikuwa na njia ya kwenda badala yake.

Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amebana pamba kidoleni, uso hauna rangi, macho hayatazami popote. Nilisema moyoni, amekwisha. Alimgusa Zuhura begani. "Nenda, mwanangu. Kidole chenyewe hakiumi." Kisha akatoka nje, na sisi tukabaki.

Zuhura alitoka akaniambia maneno mawili, "Ninao, dada." Nililia mimi, yeye hakulia. Alikuwa ameshika dawa zake tayari mkononi, na siku hiyo hiyo akaanza. Tulipotoka kumtafuta Mwalimu, alikuwa ameshaondoka. Baadaye nikasikia amefunga nyumba ya Buhembe na kurudi kwenye kibanja, shamba la migomba la kwao Kishanda, kule Muleba. Simu hapokei. Na mimi, niliyekuwa nimempigia kelele mbele ya majirani zake, sikuthubutu kwenda kumuuliza. Nilijiambia uzee ule na ugonjwa ule, ukichanganya na miaka yote bila dawa, haiwezekani. Kila nikisikia msiba wa upande wa Muleba nilikuwa nauliza kwanza jina la marehemu.

Mtoto alizaliwa, msichana, mwenye sauti. Akapewa dawa yake ya maji, akapimwa, hana. Akapimwa tena, hana. Lakini alikuwa ananyonya, na wauguzi walituambia tusifurahi sana mpaka kipimo cha mwisho, baada ya kuachishwa. Sitaki kusimulia kipindi kile. Akipata homa ya kawaida tu, mimi na Zuhura tulikuwa hatutazamani.

Siku kipimo cha mwisho kilipotoka, Zuhura hakutaka kwenda nyumbani. Alisema, "Twende kwa Mzee."

Tulimkuta Kishanda anasafisha majani makavu ya migomba. Amekonda, lakini amesimama wima, na koti ameliangika kwenye tawi la mbuni wa kahawa. Alituona kwa mbali, mama na mtoto na mimi, na kadi ya kliniki mkononi mwa Zuhura, akaelewa tumetoka wapi. Akageuka akatupa mgongo.

"Msiseme bado!"

Tukasimama pale kwenye njia. Mtoto hakusimama, alikimbilia kule uani. Mwalimu aliweka panga chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena. Kisha akageuka mwenyewe, macho yamefunguka, anatutazama.

"Haya. Semeni."

"Hana, Mzee," Zuhura akasema. "Cha mwisho. Hana."

Alikaa chini palepale kwenye majani. Akasema alhamdulillahi, yeye Mkatoliki, na mimi sikumcheka. Kisha nikaona kama sitauliza siku hiyo sitauliza tena.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Sina."

"Dawa zimeushusha?"

"Sina, Bi Sarufi. Sikuwahi kuwa nao. Hata siku moja." Aliokota jani kavu, akalikunja, akalikunjua. "Zamani, nikifundisha hapa Muleba, palikuwa na mwalimu mwenzangu, mwanamke mwema sana. Aliniuliza mwenyewe kama nitamwoa. Nikamwambia bado. Akangoja. Akauliza tena, nikamwambia bado. Mpaka akachoka, akaolewa Karagwe. Na mimi nilikuwa mzima. Nilishalala upande mzuri miaka yote ile, na sikutazama." Alisema hivyo kwa uso ule ule aliotoka nao kwa muuguzi, na hapo ndipo nilipoelewa uso ule ulikuwa wa nini.

Zuhura alipiga magoti, akamshika mkono.

Nyuma yetu mtoto alikuwa amefika kwenye kigoda penye kikombe, kile kile cha mstari wa buluu, kina maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa asubuhi. Alikikamata kwa mikono miwili akapeleka mdomoni. Mwalimu aliinuka kwa kasi ambayo sikudhani bado anayo, na mkono wake ukaruka kumnyang'anya, vile vile kama siku ya mwalimu wa hesabu. Ukafika karibu na kikombe, ukasimama.

"Mwache, baba," Zuhura akasema.

Aliuacha mkono hewani pale pale, na mtoto akanywa mpaka chini, akipumua kwa pua. Akashusha kikombe, amelowa kidevu. Mwalimu alikipokea, akatazama ndani, akamtazama yeye.

"Umetosheka?"

"Bado," mtoto akasema.

Akamjazia tena.